Soksi za Bizari

Mwaka niliokuwa kidato cha pili lori la baba liliugua, na kwa muda wote lilipokuwa gonjwa nilikuwa na mtu wa kula naye chakula cha jioni.

Nyumbani tulikuwa wawili tu. Mama alifariki nikiwa darasa la tano. Baada ya mazishi kule kwetu, magharibi, shangazi zangu walitaka nibaki nao, lakini baba akasema mtoto wake atasoma Nairobi. Basi nikasoma Nairobi, nikiishi katika chumba kimoja cha Kariobangi, chenye ukuta mwembamba ambao mama jirani huugonga kwa mwiko jioni kuuliza kama niko. Nami hugonga kujibu kwamba niko. Siku nyingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu yote baada ya shule.

Baba alikuwa akibeba mahindi kutoka Kitale. Lori lilikuwa lake mwenyewe, kuukuu, la dizeli, lenye sauti niliyoweza kuitambua tangu likiwa kule barabarani. Alikuwa akiondoka, akarudi, akalala, akaondoka tena. Akipata mzigo mwingine hukohuko hakupitia nyumbani kabisa. Nilijifunza kusonga ugali wa mtu mmoja, jambo ambalo ni gumu kuliko watu wanavyodhani. Unga ukiwa kidogo unakimbilia pembeni mwa sufuria na mwiko unakosa cha kugeuza.

Baba huniita Mama. Jina nililopewa ni la mama yake, na kwa hivyo hata akinikaripia hunikaripia kwa adabu: "Mama, hii chumvi umemwekea nani?" Mimi sauti yangu ni ndogo. Darasani nikijibu swali mwalimu huniambia nirudie, nikirudia huniambia niongeze sauti, na hapo jibu lenyewe hupotea. Ndiyo maana naandika. Karatasi haijaniambia nirudie.

Lori lilianza kwa kunywa maji. Baba alisema hivyo tu, "linakunywa maji", kama mtu anayemsema mlevi wa ukoo. Likipanda mteremko wa bondeni kurudi Limuru, mshale wa joto ulipanda hadi kwenye nyekundu. Alisimama, akangoja lipoe, akaongeza maji kwenye rejeta, akaendelea. Lakini chini hakukuwa na tone. Asubuhi alilala chali chini ya lori akitafuta unyevunyevu, akatoka na vumbi kavu mgongoni.

Madereva wa Kariobangi wana dawa yao ya rejeta inayovuja, na kila mmoja atakuapia kwamba inafanya kazi. Wengine hutia yai bichi. Wengi hutia bizari ya manjano. Wanasema unga wake unatafuta tundu na kuliziba. Basi Jumapili moja nilirudi kutoka kanisani nikakuta kopo langu la bizari liko juu ya meza, tupu, limeoshwa na kufutwa vizuri.

"Baba, bizari iko wapi?"

"Iko kazini," akasema.

Wiki iliyofuata lori lilichemka vibaya kabla ya Naivasha, likavutwa kwa kamba hadi uwanja wa gereji nyuma ya soko. Fundi wa hapo alikuwa mtu wa Murang'a, mfupi, mwenye koti la buluu lililogeuka jeusi, na sigara isiyowashwa mdomoni. Hakuwa mtu wa kuharakishwa. Alitoa rejeta, akaipeleka kwa mchomaji vyuma ikajazwa upepo ndani ya karo la maji. Haikuvuja. Akairudisha. Akafungua pampu ya maji, ilikuwa nzima. Akatoa kile kidude kinachofungua njia ya maji injini ikipata moto, akakichemsha kwenye kopo, kikafunguka kama kawaida. Kila aliporudisha kitu, lori lilichemka tena na maji yakapungua.

Baba naye hakuacha imani yake. Alinunua bizari nyingine na safari hii akatia ya kutosha, mpaka maji ya rejeta yakawa kama mchuzi.

"Mzee," fundi akamwambia, "wewe unatengeneza hii injini ama unaipika?"

"Wewe tafuta ugonjwa. Dawa niachie mimi."

Jioni hizo za ugonjwa baba alikuwa akirudi nyumbani kabla ya giza. Anakaa kwenye ukingo wa kitanda, anafungua redio kusikiliza watu wakitumiana salamu, nami napika kwa sufuria kubwa. Tulicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Alinieleza vitu ambavyo hakuwahi kupata nafasi ya kunieleza: mama alivyokuwa akicheka kwa pua, na jinsi dizeli inavyowaka bila cheche, kwa kubanwa tu. Mama jirani alipogonga ukuta, baba ndiye aliyejibu, kwa ngumi, na mwanamke wa watu akaruka huko upande wa pili. Tukamsikia akisema, "Ai, leo kuna mwanamume!" Tulicheka mpaka baba akakohoa.

Niseme ukweli, sikutaka lori lipone. Nilikuwa nikifika shuleni nikiwa nimeshiba jana yake na nikiwa na kitu cha kusubiri.

Lakini baba alianza kubadilika. Redio ilikuwa ikilia na yeye hasikii ni nani anamsalimu nani. Aliacha kumaliza chakula. Siku moja fundi alimwambia, nami nikiwa hapo, kwamba labda bloki ya injini yenyewe imepasuka. "Ikiwa ni hiyo, mzee, hapa hatuna lori. Tuna chuma." Usiku ule baba hakutaka drafti. Alikaa akiangalia mikono yake kama imeletwa na mtu mwingine ikaachwa mapajani pake.

Ilikuwa Ijumaa. Nilitoka shule nikapitia nyumbani kuchukua chakula chake, nikakipeleka gereji katika kikapu, nikiwa bado na sare na soksi nyeupe. Vijana wa gereji walikuwa wamekaa mbele ya lori, na wao hawakosi la kusema.

"Manzi wa buda ameleta msosi!"

"Sistee, hata 'sasa' hutuambii? Tumekukosea nini?"

"Mwacheni, huyo anaongeanga na sufuria peke yake."

Nikazunguka kupitia nyuma ya lori ili nisiwapite. Lori lilikuwa limesimama tangu asubuhi bila kuwashwa. Nikiwa sawa na bomba la moshi, fundi akamwambia baba awashe. Injini ikagoma, ikagoma, halafu ikakubali kwa kishindo, na bomba likanitemea miguuni. Halikutoa moshi tu. Lilitoa mvuke mweupe mzito wenye matone. Na kabla ya kuruka pembeni nilisikia harufu. Ilikuwa hafifu, imechanganyika na dizeli, lakini niliijua. Ni harufu ya jikoni kwangu pale unapotupa bizari kwenye mafuta ya moto.

Kule nyuma hakuna mwingine aliyekuwepo. Nilimpa baba chakula nikaenda nyumbani.

Nilifua soksi kwenye beseni mlangoni. Zilikuwa na vitone vya kahawia na vya manjano. Vya kahawia vilitoka kidogo. Nilipopaka sabuni ya mche, vile vya manjano viligeuka vyekundu kama kutu. Nikasuuza, vikarudi manjano. Nikapaka tena, vyekundu. Anayepika anajua kwamba kitu kinachofanya hivyo ni kimoja tu. Kitambaa changu cha jikoni kimejaa madoa ya aina hiyo, hakuna sabuni inayoyaweza.

Basi nikakaa na soksi mkononi. Baba alikuwa amenieleza, kati ya drafti moja na nyingine, kwamba ndani ya injini moto una vyumba vyake na maji yana vijia vyake, vimekaribiana kabisa, na kati yao kuna gasketi iliyolala chini ya kichwa cha injini. Kazi yake ni kuhakikisha wawili hao hawakutani. Bizari iliwekwa kwenye maji. Sasa ilikuwa imetokea kwa bomba la moshi. Haikuhitaji mtu wa kufaulu mitihani. Maji yamepata mlango wa kuingilia kwa moto.

Na nikajua pia kwamba nikisema, Jumatatu au Jumatano lori litanguruma pale nje na sufuria kubwa itarudi chini ya kitanda.

Baba alikuwa amefika akakaa kwenye stuli, mgongo ukutani. Alinitazama nikipaka na kusuuza, nikipaka na kusuuza.

"Mama, unazifua hizo soksi ama unazifanyia kesi?"

Nikasema. Nilisema nikiangalia beseni.

"Sijasikia."

Nikarudia.

"Mama, ongea na mimi, usiongee na maji."

"Bomba la lori lako limetema bizari!" nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyoipanga, mpaka mama jirani akachungulia.

Baba alichukua ile soksi. Akapaka sabuni mwenyewe, ikawa nyekundu. Akasuuza, ikawa njano. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko mimi. Kisha akaikamua na kuitia kwenye mfuko wa shati, ikiwa bado na maji, na mfuko ukalowa hadi tumboni. Siku ile alimaliza ugali wote.

Asubuhi, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, alisema twende wote. Sikuwa nimewahi kwenda gereji bila kikapu, sikujua mikono niiweke wapi. Baba alimpa fundi soksi. Fundi akaitoa sigara mdomoni, akainusa soksi yangu mbele ya wale vijana wote. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Maze, fundi amebadilisha tumbaku!" kijana mmoja akapiga kelele.

Fundi hakucheka. "Nani alikuwa nyuma ya bomba?"

Baba akanionyesha kwa kidevu.

"Ulikuwa baridi, huo moshi?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Huyu msichana hana mdomo?"

"Anao," baba akasema. "Jana mdomo huo uliniamsha."

Fundi alijaza rejeta mpaka juu na kuacha mfuniko wazi, injini ikiwa bado baridi. Akaniita nisimame juu ya bampa niangalie ndani. Lori likawashwa. Maji ya manjano yalitulia kidogo, halafu yakaanza kutoa mapovu, moja moja, kisha mfululizo, kama uji unaokaribia kuiva, na bado hayakuwa hata na uvuguvugu. Ulikuwa upepo wa moto ukipita kwenye vijia vya maji.

"Usiondoe macho hapo," fundi akaniambia. "Nikifungua bomba la dizeli la kila silinda, hiyo silinda inanyamaza. Mapovu yakipungua, niambie."

Akalegeza nati ya kwanza, injini ikaanza kuchechemea, mapovu yakaendelea. Akaikaza, akalegeza ya pili. Yakaendelea. Ya tatu, ya nne. Alipolegeza ya tano maji yalitulia mpaka nikaona uso wangu, wa manjano, ukitikisika.

"Hapo," nikasema. Injini ilimeza sauti yangu.

"Nini?"

"Hapo! Hapo!"

Walizima. Fundi aliandika tano kwa chaki ubavuni mwa injini. Baba alikuwa amesimama na mikono kiunoni, anatabasamu, na nilimwona tayari yuko Kitale.

Kufungua kulichukua siku nzima. Fundi alichora umbo la kichwa cha injini kwenye katoni ya sabuni, akatoboa matundu, na kila nati iliyotoka ikakaa katika tundu lake, isije ikaolewa na ukoo mwingine, alisema. Kichwa chenyewe kilining'inizwa kwa mnyororo kwenye miti mitatu, wale vijana wakikishika pande zote. Chini yake pistoni zilikuwa nyeusi kwa masizi, zote isipokuwa ile ya tano. Hiyo ilikuwa safi, inang'aa, imeoshwa na mvuke kila siku. Sijui kwa nini ndiyo iliyonitisha. Gasketi ilikuwa imeungua kando yake, kipande kama ukoko wa mkate, na kutoka hapo hadi kwenye kijia cha maji kulikuwa na njia nyembamba ambayo kucha yangu ndogo iliingia.

Baba aliishika gasketi ile kwa mikono miwili. "Kitu kama hiki," akasema. Akarudia, "Kitu kama hiki tu."

Fundi aliweka rula ya chuma juu ya uso wa kichwa na kujaribu kupitisha chini yake ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Katikati ilipita. Kwa hivyo kichwa kilikuwa kimejipinda kwa joto, ikabidi kipelekwe mjini kusawazishwa kwa mashine. Nilifurahi kwa siri. Zilikuwa jioni kadhaa zaidi. Lakini hazikuwa kama zile za mwanzo. Baba sasa aliongea tu, akipanga safari, akihesabu magunia kwa vidole, na akinishinda drafti bila kuangalia.

Kichwa kiliporudi, nilikuta kazi yangu inaningoja. Fundi yule ana desturi yake. Nati za kichwa hazikazwi kwa kufuatana tu, huanza katikati na kuzunguka kwenda nje, huku na huku, na hukazwa kidogo kidogo kwa raundi, la sivyo kichwa kinajipinda upya. Yeye huziandika namba kwa chaki, lakini hajiamini kusoma huku anavuta spana iliyounganishwa na bomba refu. Anataka mtu amwitie. Na mwitaji, kwake, ni yule aliyeona ugonjwa.

"Mimi?" nikauliza.

"Kwani soksi ilikuwa yangu?"

Nilisimama tena juu ya bampa. Huku wanapiga mabati, kule wanasaga chuma, na redio ya kinyozi iko wazi. Nikaita moja.

"Sistee, ongeza volumu!" kijana akaita. "Hata chaki haijasikia!"

"Moja!" Fundi akavuta. "Mbili!" Akavuta. Ilipofika raundi ya pili, wale vijana walikuwa wananiitikia kwa pamoja, kwanza kwa kunidhihaki, halafu nadhani walisahau kunidhihaki. Raundi ya mwisho bomba lilipinda kidogo kila alipovuta, na nati zikalia. Koo langu liliuma siku mbili. Shuleni, Jumatatu, mwalimu aliniuliza swali na hakuniambia nirudie.

Lori liliwaka. Moshi haukuwa na harufu ya chochote isipokuwa moshi. Fundi aliacha rejeta wazi na maji safi ndani, tukayaangalia wote watatu, hayakutoa povu hata moja. Baba alikuwa tayari ana mzigo, aliupata mapema kuliko alivyoniambia.

"Sasa sikiliza, mzee," fundi akasema akijifuta mikono. "Gasketi mpya inalala. Ukienda na kurudi, nati zinalegea. Usipakie mzigo mwingine kabla hujanipitia nikaze tena na kupima vali."

"Nitapita asubuhi nikirudi, nitoke mchana."

Wakati huo nilikuwa nikikusanya katoni na matambara. Sikujua kama nitasema mpaka nilipojisikia nikisema.

"Inakazwa ikiwa moto ama baridi?"

Fundi aligeuka. Alinitazama mimi, akaangalia kikapu changu cha chakula, akamtazama baba aliyekuwa na mguu mmoja tayari kwenye kidato cha kupandia.

"Baridi," akasema.

"Ile gasketi ya kwanza, miaka ile, tulikaza ikiwa moto tukaenda," baba akasema.

"Hiyo ilikuwa ile. Hii ni baridi. Baridi kabisa, mzee. Ilale hapa usiku mzima, wewe ukalale kwako."

Baba aliondoka. Mama jirani aligonga, nikagonga. Nilisonga ugali mdogo. Siku zile zilikuwa ndefu kuliko za zamani, kwa sababu sasa nilijua kilichokosekana kina ukubwa gani. Lakini safari hii zilikuwa na mwisho. Hakuweza kuchukua mzigo mwingine hukohuko bila kupita. Nati zilikuwa zinamngoja.

Alirudi jioni moja ya mvua, akaacha lori gereji lipoe, akaja kwa miguu na kopo jipya la bizari kwapani. Nilipika wali wa manjano kwa sufuria kubwa. Alilala mapema, akikoroma, nami nikasikiliza nikiwa nimejifunika hadi masikioni, si kwa kuudhika.

Asubuhi kabla ya shule nilipanda bampa nikaita namba. Fundi alivuta nati moja baada ya nyingine. Nilikuwa karibu, niliona mistari ya chaki aliyoichora kutoka kila nati hadi kwenye chuma. Hakuna nati hata moja iliyosogea. Baba alikuwa kando anakunywa chai, haoni.

"Zimekaza?" akauliza.

"Zimekubali," fundi akasema. "Ni vizuri ililala. Safari ijayo nitaiangalia tena. Ikiwa baridi."

Baba akaguna, akamaliza chai, akapanda. Sauti ya lori ilienda ikipungua hadi barabara kubwa, nami nikaenda shule. Sijamwuliza yule fundi kama nati za lori lile kweli hukazwa baridi. Huwa napita karibu na gereji yake nikitoka sokoni, tunasalimiana, na sitaki kujua.